MAONI: Kijana, kabla ya kununua rimu fungua kwanza breki za nyuma

Hebu nikuulize, kijana mwenzangu unayeendesha Vitz, Demio, March au Passo: mara ya mwisho breki zako za nyuma kufunguliwa ilikuwa lini? Sisemi kukaguliwa kwa mdomo. Nasema gurudumu kutolewa, dramu kuvutwa, na mtu kutazama kwa macho yake kilichomo ndani.

Kama jibu ni "sijui", usione haya. Hata mimi nilikuwa hapo hapo, mpaka siku niliyoulizwa swali hili kando ya barabara huku mikono ikinitetemeka.

Tulikuwa tunateremka kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu, safari ya Narok kupeleka posa ya kakangu. Mamangu aliketi mbele. Nyuma walikuwepo shangazi zangu wawili na zawadi zimejaa hadi miguuni. Ukiijua barabara ile unajua ilivyo: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili Bonde la Ufa lote limekufungukia, na malori yanatambaa mbele yako yakitoa harufu ya breki zilizochemka.

Lori lililokuwa mbele yetu likapunguza mwendo. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama, ikazama, ikakaribia kugusa sakafu kabla gari halijaanza kushika. Nikavuta hendibreki, ikapanda juu bila kukaza kitu. Nikashusha gia, nikapiga pedali haraka haraka mara tatu nne, gari likapungua kasi, nikalitoa kando. Kati yetu na bampa la lori palikuwa pamebaki kama mita tatu.

Mama hakusema neno. Alifungua mlango, akashuka, akaketi juu ya jiwe akitazama bonde.

Makanika alipanda kwa bodaboda kutoka chini, mfuko wa spana mgongoni. Akatoa gurudumu la nyuma la kushoto, akavuta dramu, akaguna. Shuu moja ilikuwa imeisha kabisa, chuma kinasugua chuma. Ile nyingine ilikuwa imeloa mafuta ya breki kwa sababu wili silinda ilikuwa inavuja, na hakuna aliyejua tangu lini. Akaniangalia: "Buda, hii kitu ilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimelipia servisi katika gereji moja, nikaambiwa breki ziko sawa. Nadhani walisema ukweli nusu. Breki za mbele unaweza kuzichungulia kupitia matundu ya rimu. Za nyuma zimefunikwa, lazima mtu atoe gurudumu, apige magoti na achafuke. Siku hiyo hakuna aliyechafuka, na mimi sikuuliza. Katika miezi hiyo hiyo nilikuwa nimetoa shilingi 34,000 kununua rimu na spika. Kwa hivyo rimu zangu zilikuwa zinang'aa nje ya breki mfu.

Hoja yangu leo ni moja tu. Kijana yeyote mwenye gari dogo anafaa kufungua breki zake za nyuma kwa mikono yake mwenyewe, walau mara moja, kisha ahakikishe zinafunguliwa kila mwaka. Sisemi sote tuwe makanika. Nasema kwamba kitu ambacho hujawahi kukiona huwezi kukiulizia, na usichoweza kukiulizia utadanganywa nacho.

Fikiria gari lako lilikotoka. Sheria yetu inaruhusu kuingiza nchini gari lililotumika mradi halijapita miaka 8. Maana yake, wengi wetu tunanunua magari ambayo tayari yamefanya kazi miaka sita au saba Japani. Likifika Mombasa linaoshwa, linapelekwa yadi, linapigwa polishi, unaliona unapenda. Unauliza kilomita, unauliza lita moja inaenda umbali gani, unawasha redio. Ni wangapi kati yetu tuliosema, "Nitolee hiyo gurudumu la nyuma kwanza nione"?

Baada ya hapo hakuna anayekusukuma. Matatu hukaguliwa kila mwaka. Wewe mwenye gari la kibinafsi unaweza kumaliza miaka mitatu ukilipa bima, ukiosha gari kila Jumapili, na dramu za nyuma zikawa bado zina vumbi la Yokohama.

Najua utaniambia, "Lakini si breki za mbele ndizo hufanya kazi?" Ni kweli kwa sehemu. Ukikanyaga breki, uzito wa gari huegemea mbele, kwa hivyo za mbele hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa magari madogo huweka diski mbele na dramu nyuma: dramu ni rahisi kutengeneza, haiingiwi na tope kwa urahisi, na hushikana vizuri na waya wa hendibreki.

Lakini hapo ndipo tunapojidanganya. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mabomba ya mafuta ya breki yamegawanywa mara mbili kwa mtindo wa msalaba. Gurudumu la mbele kulia liko njia moja na la nyuma kushoto. La mbele kushoto liko pamoja na la nyuma kulia. Wili silinda ya nyuma ikivuja mpaka njia hiyo ipoteze nguvu, hupotezi breki ya nyuma pekee. Unapoteza na moja ya mbele. Unabaki na nusu ya breki, kwenye mteremko, na mamako kando yako.

Hendibreki nayo ni ile ile dramu ya nyuma. Siku pedali itakapokataa, utavuta hicho chuma ukitarajia kikuokoe. Kama shuu zimeisha au zimeloa mafuta, utakuwa umevuta hewa.

Gari huwa linalia kabla ya kuumia, tatizo ni sisi kuongeza sauti ya muziki. Sikiza kama kuna mkwaruzo nyuma unapokaribia kusimama. Angalia kama hendibreki inapanda juu zaidi kuliko zamani kabla ya kushika. Fungua boneti utazame kichupa cha mafuta ya breki: yakishuka chini ya alama ya MIN, usiongeze tu ukafunga. Jiulize yameenda wapi. Chungulia upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Ukiona unyevu unaoteleza, gari hilo halina safari tena mpaka lifunguliwe.

Sasa tuingie kazini, uone kwamba haya si mambo ya uchawi. Tafuta mahali tambarare penye sakafu ngumu, si kwenye nyasi wala mteremko. Weka gari kwenye P, au gia ya kwanza kama ni la manyuali, kisha kaza mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Legeza nati za gurudumu la nyuma kabla ya kuinua gari. Ukishainua kwa jeki, weka stendi chini ya mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba, jeki ikiteleza gari liangukie hapo badala ya kukuangukia wewe.

Shusha hendibreki, la sivyo utavuta dramu mpaka jioni. Ikiwa imekwama kwa kutu, usiiponde kwa nyundo kama unayevunja mawe. Kwenye dramu za Toyota nyingi kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili za milimita 8, uzikaze zamu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, na dramu itajisukuma yenyewe.

Usipulize vumbi utakalolikuta humo. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Hujui iliyoko ndani ni ya aina gani. Vaa barakoa, lowesha vumbi kwa dawa ya kusafisha breki au maji yenye sabuni, upanguse kwa kitambaa cha kutupa.

Ukishasafisha, piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Utaona vitu vichache tu. Juu kuna wili silinda, kifaa kidogo ambacho mafuta yakikisukuma hutoa vichwa viwili nje. Kushoto na kulia kuna shuu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, kila moja imegundishiwa tabaka gumu la kusugua. Kuna springi za kuzirudisha nyuma, ajasta yenye meno kama nyota ya kuzisogeza kadiri zinavyoisha, na mkono mdogo unaoshikana na waya wa hendibreki. Basi. Hiyo ndiyo siri iliyokuwa inakutisha.

Pima tabaka la kusugua kwa rula, hata ile ya seti ya jiometri ya mdogo wako. Usihesabu chuma cha shuu, hesabu tabaka lenyewe, na upime mahali palipoisha zaidi. Kwa magari mengi ya aina hii milimita 1 ndiyo mwisho kabisa. Mimi singojei hapo, zikifika 2 nabadilisha, kwa sababu najua nitachelewa kufungua tena. Kama tabaka limepasuka, limebanduka au limeloa mafuta, badilisha hata likiwa nene. Usijaribu kulifua kwa petroli.

Inua kidogo vifuniko vya mpira vya wili silinda. Ukikuta mafuta nyuma yake, hiyo silinda inavuja, na kubadilisha shuu peke yake ni kutupa pesa. Kisha geuza dramu utazame ndani. Mikwaruzo mepesi si neno. Mifereji inayokwaruza ukucha, nyufa, au ukingo uliosimama ni habari nyingine. Kwenye dramu yenyewe kumeandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, mara nyingi karibu na neno MAX. Ikishapita hapo haichongwi tena. Inatupwa.

Ukiamua kubadilisha shuu, kuna makosa ambayo vijana hufanya na yanauma. La kwanza ni kufungua pande zote mbili kwa wakati mmoja. Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili, ili ukichanganyikiwa uwe na mfano wa kutazama. Ajasta za kushoto na kulia zisibadilishane. La pili ni kubadilisha shuu za gurudumu moja ili kuokoa pesa. Shuu za nyuma hubadilishwa zote nne, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku ya mvua. La tatu ni kukanyaga pedali dramu ikiwa nje. Vichwa vya silinda vitaruka, mafuta yatamwagika, na kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili.

Springi zile zina nguvu, kwa hivyo linda macho. Kabla ya kufunga, paka grisi ya breki kidogo, kidogo kabisa, mahali shuu zinapogusana na sahani ya nyuma, na usiruhusu hata alama ya kidole chenye grisi ifike kwenye tabaka la kusugua. Zungusha ile nyota ya ajasta mpaka dramu iingie na kusugua kwa mbali ukiizungusha kwa mkono. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, na umalizie kwa nguvu gari likiwa chini.

Rudia upande wa pili, na dramu zote mbili zikiwa zimefungwa kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Vuta hendibreki uone imeshika wapi. Kisha endesha polepole mahali tupu, ukisimama kidogo kidogo. Kama pedali ni laini kama sponji, kuna hewa kwenye mabomba. Hapo usijitie ushujaa. Usilitoe gari hilo barabarani, ita fundi aje atoe hewa.

Tafadhali, mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Kifuniko cha kichupa kimeandikwa aina, na kwa mengi ya magari haya ni DOT 3. Nimeona mtu akiongeza oili ya injini eti "inasukuma tu vile vile". Haisukumi vile vile. Oili hufanya mipira ya ndani ivimbe na kuharibika, na mfumo mzima unaweza kukwama au kuvuja.

Kuhusu spea, hapa nina ugomvi kidogo na sisi wenyewe. Tunaenda Kirinyaga Road, ile wazee wanayoiita Grogan, tunaonyeshwa seti mbili, moja ya bei ya juu na nyingine ya nusu yake, halafu tunachukua ya nusu tukijisifu kwamba tumebagein. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haitasimama nawe kaunta. Nenda na shuu ya zamani mkononi uilinganishe upana, mkunjo na matundu. Angalia gundi: tabaka likiwa limekaa kombo au linabanduka ukucha ukipita, rudisha. Dai risiti. Muuzaji anayekasirika ukiomba risiti amekwisha kukujibu.

Wako watakaosema ninawanyang'anya mafundi wa jua kali riziki. Sikubali. Makanika wa Mai Mahiu ndiye aliyenifunza haya yote, dakika arobaini kando ya barabara, na nilimlipa kwa moyo wote. Fundi mzuri hamwogopi mteja anayejua. Anayemwogopa ni yule aliyezoea kufuta vumbi juu ya rimu na kuandika "breki: sawa". Ukijua kilicho ndani ya dramu, utaingia gereji na kusema, "Wili silinda ya nyuma kushoto inavuja, shuu zimebaki milimita moja na nusu, niwekee mpya na unirudishie za zamani." Mazungumzo hubadilika papo hapo, hata bei.

Wako pia watakaosema breki si kitu cha kujifunzia. Hapo nakubaliana nao nusu. Usijifunze peke yako, usiku, kwa tochi ya simu, na safari ya Kisii alfajiri. Mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu aliyewahi kuifanya, fundi mwenye cheti cha NITA au mjomba aliyekaa gereji miaka ishirini, na yeye ndiye akague kabla hujafunga. Kufungua na kutazama ni jambo moja, kubadilisha ni jingine. La kwanza nakusihi ulifanye. La pili lifanye tu ukiwa tayari.

Na kama wewe unaendesha teksi ya programu, mzigo wako ni mara mbili. Mteja anayeingia kiti cha nyuma usiku pale Westlands hajui jina la babako. Ameona namba ya gari na nyota za wateja wengine. Hakuna nyota ya breki. Amekuachia hesabu hiyo uifanye wewe.

Sitakudanganya kwamba itakupendeza. Magoti yatauma, kucha zitabaki nyeusi hadi Jumatano, na hakuna atakayeweka picha ya dramu yako kwenye Instagram. Spika zangu bado ziko na bado nazipenda. Lakini kila Desemba, kabla ya watu kuanza kusafiri, natafuta mahali tambarare, nakaza mawe kwenye magurudumu ya mbele, nafungua.

Mama bado hapandi gari langu bila kusimama kwanza mlangoni na kuuliza, "Breki je?" Zamani ningejibu, "Ziko sawa, mathe." Siku hizi namwambia, "Nyuma kulia milimita tatu, nyuma kushoto tatu, silinda kavu." Haelewi hata moja ya hizo. Lakini anaingia, anafunga mkanda.